Sikula Nguruwe kwa Tutu

Siku ya Idi, kwenye ukumbi tuliokodi huku Marekani, kule Landover, Bi Salma alinisimulia utoto wangu mwenyewe, na akausimulia vibaya.

Nilikuwa nimekaa na sahani yangu, binti yangu Amina akikimbizana na wenzake katikati ya viti. Mama mmoja Mkongo alikuwa ameleta samaki waliofungwa kwenye majani ya mgomba, wale wanaowaita maboke, na alipofungua furushi la kwanza mvuke ukanipiga usoni. Si harufu ya samaki iliyonipata. Ni ya jani, jani lililokaa kwenye mvuke mpaka likabadilika rangi. Papo hapo nikawa Manassas, mji tuliokaa zamani, jikoni kwa Tutu, nina miaka minane, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nangoja niitwe nionje.

Na ndipo Bi Salma akasikia kwamba nimepata mtu wa kuniangalizia Amina. Bi Salma ni mama wa Mombasa ambaye amelea nusu ya watoto wa huku kwa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mtu niliyempata ni mama wa El Salvador anayekaa ghorofa ya chini yangu, tunamwita Mama Lupe, kwa sababu mimi nashinda ghalani napakia maboksi na baba yake Amina huonekana Jumamosi akijisikia. Bi Salma hakunigeukia mimi. Aliwageukia wale wanawake wengine wenye watoto wadogo. Akawaambia wawe macho na majirani, kisha akaanza: hapo zamani huko Manassas kulikuwa na mtoto wa Kitanzania, mama yake akamwachia mwanamke wa visiwani huko, mwabudu moto, na yule mwanamke akamlisha mtoto wa Kiislamu nguruwe, kusudi kabisa, huku anacheka. Wanawake wakatikisa vichwa. Mmoja akavuta mtoto wake karibu.

Mtoto huyo ni mimi. Bi Salma anajua kuwa ni mimi. Mama yangu mzazi alikuwa viti viwili kutoka kwangu, anachambua samaki kama vile ni mara ya kwanza kuona mwiba. Nimekisikia kisa hicho kwenye arusi, kwenye misiba, kwenye futari, na kila mara nilinyamaza. Lakini safari hii Tutu, yule mwanamke wa kisa, alikuwa amekufa. Nilikuwa nimeona tangazo lake kwenye simu wakati wa baridi, picha yake na maua kichwani, na maneno kwamba majivu yake yatarudishwa kwao. Mtu aliyekufa hawezi kusimama kwenye ukumbi wa Landover akasema siyo mimi. Kwa hiyo kabla sijawaambia nilichokifanya pale mezani, acheni nieleze kilivyokuwa, maana wengi wenu mmekulia huku kama mimi na huenda mmesimuliwa uongo huo ili mtiwe adabu.

Tulikuwa tunakaa kwenye apatimenti za matofali mekundu karibu na stesheni ya treni. Mama alifanya kazi uwanja wa ndege wa Dulles, kwenye jiko linalofunga chakula cha ndege. Kijiko, mkate, siagi. Kijiko, mkate, siagi. Aliondoka kabla basi la shule halijanirudisha, na alihitaji mtu wa kunipokea. Alikuwa ameshakataa watatu. Mmoja alikuwa na mbwa, mmoja alivuta sigara, na wa tatu alimwita Mama "mpenzi" siku ya kwanza ya kuonana.

Theluji ilipokwisha, mlango wa tatu kutoka kwetu akatoka mwanamke mzee anavuta vyungu viwili vya mimea. Akaweka kimoja kulia mwa mlango na kimoja kushoto. Majani marefu, mapana, ya kijani kinachong'aa, yamekaa juu ya shina jembamba kama shungi. Mama alisimama na mifuko yake ya dukani.

"Masale," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Mama ni Mchagga wa Machame, kwao ni Waislamu tangu enzi za babu yake, lakini kwa mambo ya sale ni Mchagga tu kama wengine. Sale si pambo. Hupandwa mpakani, hupandwa makaburini. Na mtu akikukosea, hata kosa kubwa la kumwaga damu, akikuletea jani la sale lililopigwa fundo huna ruhusa ya kulikataa. Unalipokea na mambo yanaishia hapo. Mama alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuvuka barabara.

Haikuwa sale. Ule ni mmea wa kwao Hawaii, unaitwa ti, wanaupanda mlangoni ili mabaya yasiingie. Vinafanana, basi. Lakini Mama hakuuliza. Alisema mtu aliyepanda masale mlangoni hawezi kuwa mtu mbaya, akaenda kubisha hodi. Kwa Kiingereza chake cha kazini akaeleza zamu zake, akaeleza sala, na mwisho kabisa akaeleza nguruwe. Yule mzee akaweka kiganja kifuani akasema nyama hiyo haitapita kinywani mwa mtoto huyu kamwe. Mimi nilikuwepo. Nilisikia.

Akaniambia nimwite Tutu, ndivyo watoto wa kwao wanavyomwita bibi. Alikuwa mpana, nywele nyeupe amezisuka mkia mmoja mpaka kiunoni, gauni la maua hata kwenye baridi, na soksi nzito ndani ya kandambili. Alifika bara akiwa na mume mwanajeshi wa majini. Mume akafa, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, ambaye naye alikuwa ameshaingia jeshi hilo hilo. Mchana kutwa alikuwa peke yake. Akipata mtu wa kumsikiliza, hadithi zilimtoka huku mikono inaendelea na kazi.

Ya jua alinisimulia kwenye chumba cha mashine za kufulia, siku mashine ya kukaushia ilipoharibika. Zamani jua lilikuwa linakimbia angani, na mama mmoja aliyeitwa Hina alikuwa anatwanga magome ya miti kufanya nguo, lakini hazikauki, jua limeshazama. Mwanawe Maui akakasirika kwa niaba ya mama yake. Akasokota kamba, akapanda mlima mrefu ambako jua lilikuwa linaamkia, akalivizia, akalinasa miguu yake mguu mmoja baada ya mwingine, akalipiga mpaka likakubali kutembea polepole nusu ya mwaka. Tutu alidhani nitafurahi. Mimi nilimchukia Maui wiki nzima, kwa sababu niliona kabisa kwamba jua likichelewa kuzama, zamu ya Mama nayo itarefuka.

Ya Pele ndiyo iliyoniingia. Pele ni mwenye moto, anakaa ndani ya shimo la mlima unaotema moto, na ukimwudhi mlima unatapika mpaka baharini. Lakini hutembea barabarani kama bibi kizee tu, anabisha hodi, anaomba chakula. Ukimpa, moto ukija unapinda pembeni ya nyumba yako. Ukimnyima, shauri yako. Basi mimi Jumamosi kwenye madrasa nikawa nagawa sambusa zangu kwa kila mwanamke mwenye mvi, maana huwezi kujua. Bi Salma alikuwa na mvi tangu siku hizo. Amekula sambusa zangu nyingi mno, zote kwa ajili ya kumzuia asituchome moto.

Halafu kuna ile ya nguruwe. Palikuwa na jamaa anaitwa Kamapuaa, nusu mtu nusu nguruwe, akamtaka Pele, Pele akamtukana, wakapigana. Yeye analeta mvua na ukungu, Pele analeta moto, mpaka nchi ikakaribia kwisha. Mwisho wakagawana: upande wa mvua wake, upande mkavu wa Pele, na hakuna kuvuka. Tangu hapo, Tutu alisema, kuna barabara ya mlimani kwao ambayo huvuki na nyama ya nguruwe giza likiingia. Gari litazima. Litokee lisitokee kosa kwenye injini, litazima, na bibi kizee mwenye mbwa mweupe atakuja kusimama pembeni, na hutaondoka mpaka umtupie mbwa hiyo nyama.

Nyie hamjui hadithi hiyo ilinifanyia nini. Shuleni Ijumaa ilikuwa siku ya piza, na piza ilikuwa na vile viduara vyekundu vya nguruwe, na kila Ijumaa nilikaa na mkate wangu wa siagi nikiulizwa kwa nini sili. Nilikuwa najibu "dini" kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri ugonjwa. Baada ya ile hadithi nilisimama juu ya kiti. Nikawaambia kwamba kuna mwanamke wa moto hataki nguruwe avuke, na gari lao litazima barabarani, wangoje mbwa mweupe. Siku ya safari ya kwenda makumbusho, msichana aliyekuwa ananicheka kuliko wote aliacha sandwichi yake ya nguruwe kwenye kabati lake, basi lisije likatuzimia daraja la kuingia mjini. Mimi ndiye niliyemfanya aiache.

Na kichwani mwangu nikaunganisha mambo. Tutu hachukui nguruwe. Sisi hatuchukui nguruwe. Tutu ana masale mlangoni. Kwa hiyo Tutu ni wetu, na kisiwa kizima cha kwao ni chetu, watu wanaojua kitu ambacho wenye piza hawajui. Sikumuuliza. Kitu unachokijua hukiulizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mtoto wa Tutu alikuwa anarudi likizo jioni hiyo, na Tutu alikuwa amekata majani yote ya vyungu viwili. Mashina yalibaki uchi mlangoni kama fimbo. Alikuwa anapika laulau. Unachukua majani ya magimbi, unafunga nyama ndani yake, unafunga tena kwa jani la ti, unapiga uzi, unapanga kwenye mvuke nusu siku. Jiko lilikuwa na masufuria mawili, moja huku na moja kule, na kila moja na koleo lake. Akanionyesha dogo. Humo mlikuwa na mafurushi manne yenye uzi mwekundu. Akasema mekundu ni yako, ni ya kuku.

Nilikula mawili. Yale majani ya magimbi yanayeyuka, hayahitaji meno. Nilipomaliza nikaramba vidole nikauliza kwenye sufuria kubwa, lenye mafurushi ya uzi mweupe, mna nini.

Nguruwe, akasema, kama vile anasema chumvi.

Nikamkumbusha barabara. Nikamkumbusha gari kuzima, na bibi, na mbwa. Nadhani nilikuwa napiga kelele. Tutu akaniangalia, kisha akaanza kucheka, na Tutu alikuwa anacheka kwa tumbo lote, mpaka akashika meza. Akasema barabara ile iko kule kwao, mjukuu wangu, hapa kuna Route 28 tu, na Pele haendeshi gari Route 28.

Leo najua ulikuwa mzaha mzuri. Siku ile nilisikia cheko la mezani shuleni, lile lile, linatoka kwa mtu ambaye kwa ajili yake nilisimama juu ya kiti. Niliona Ijumaa zote zinanirudia. Alikuwa wao. Muda wote alikuwa wao, na mimi nimebaki peke yangu na mkate wangu.

Mama alikuja kunichukua na sare yake ya kazini, ananukia mkate. Akaniuliza pale mlangoni swali analoniuliza kila siku, umekula nini.

"Nguruwe," nikasema.

Neno moja. Sikuliwaza kabla, na nilipolisema nililimaanisha. Nilitaka Tutu aone aibu kidogo, ya kiasi changu. Sikujua kuwa watu wazima hawana aibu za saizi ya mtoto.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Tutu alikuwa ametoka na taulo la jikoni, bado ana tabasamu la kumpokea mwanawe. Mama akamwambia kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, umempa binti yangu nguruwe. Tutu akaniangalia mimi. Hakuangalia sana, labda muda wa kukunja taulo. Mimi nikaangalia yale mashina ya uchi. Kisha akaangalia mkono wa Mama, ulivyonibana mpaka vidole vyangu vikawa vyeupe. Akasema samahani. Akasema ni kosa lake, halitarudiwa.

Nami nikadhani nimeshinda. Mbona mtu asiye na kosa aombe radhi?

Mama hakunipiga. Alinisukutulisha maji ya chumvi mara saba, kisha akaingia bafuni akafungulia bomba ili nisimsikie. Alipotoka alimpigia simu Bi Salma, na kile kisa kikaanza kutembea. Hapo mwanzo Tutu alikuwa amekosea. Kufika mwezi wa pili alikuwa amekusudia. Kicheko kiliongezwa baadaye, sijui na nani, ingawa ajabu ni kwamba kicheko ndicho kitu pekee cha kweli ndani yake.

Hakupatikana mwingine wa kunipokea. Nikavalishwa ufunguo shingoni ndani ya blauzi, nikawa nafungua mwenyewe, nafunga mwenyewe, pazia chini, televisheni sauti ndogo, mtu akigonga usijibu. Milango mitatu kutoka hapo nilikuwa nasikia redio ya Tutu. Nilijiadhibu mwenyewe na nilijua. Kila siku nilisema kesho nitamwambia Mama, na kila siku Mama alirudi amechoka, na uongo ukikaa unakuwa kama fanicha, unaupita tu.

Theluji ilipokwisha tena, Tutu alitoa vyungu vyake nje. Majani yalikuwa yamerudi. Lakini mlangoni kwake aliweka kimoja. Cha pili tulikikuta mlangoni kwetu, tumetoka dukani mimi na Mama. Jani moja la chini alikuwa amelisokota, wanavyosokota kwao kufanya mashada, na mwisho wake amelipiga fundo.

Mama alisimama pale sana. Maziwa yalikuwa kwenye mfuko, nakumbuka nikiwaza yataharibika.

Nikasema, "Mama, sale."

"Siyo sale," akasema Mama.

Ilikuwa mara ya kwanza kulikana. Akaweka mifuko chini, akakibeba kile chungu mwenyewe mpaka kwenye pipa kubwa la takataka nyuma ya jengo, nami nikasikia kikivunjika. Kabla ya baridi iliyofuata tulikuwa tumehamia Landover, na Tutu hatukumwona tena.

Sasa turudi ukumbini. Bi Salma alikuwa amefika pale pa kicheko. Nikaweka uma chini. Nikasema kwa sauti ya kutosha meza ile na ya jirani kwamba mtoto huyo ni mimi, na sikula nguruwe kwa Tutu. Nilikula kuku, mafurushi mawili yenye uzi mwekundu. Nikasema nilimsingizia kwa sababu nilikasirika, na kwamba yule mzee alitimiza ahadi yake mpaka mwisho, na kila mtu aliyekuwa anakisimulia kisa hiki alikuwa anasambaza uongo wa mtoto wa miaka minane.

Amina akaja kuniomba juisi.

Bi Salma alinisogelea, akanishika bega kwa upole kabisa. "Mwanangu, hayo yashapita. Wewe ulikuwa mtoto. Yafunike, wataka kumwaibisha mamako mbele ya watu siku ya Idi?"

Nikamwambia yamefunikwa miaka yote hiyo na aliyekuwa chini ya kifuniko ni Tutu. Nikamwambia kama kuna aibu tuigawane leo, mimi nachukua ya kusema, yeye achukue ya kusimulia. Na Amina atabaki kwa Mama Lupe. Akasema nimekuwa na ulimi mchafu tangu nizae. Nikasema ndiyo.

Mama alikunja leso yake, akachukua mkoba, akatoka. Wiki tatu hakupokea simu yangu. Nilikasirika, kisha nikaogopa, kisha nikakasirika tena, maana ndicho ninachokijua vizuri. Katika wiki hizo nilimtafuta mtoto wa Tutu. Anakaa Herndon. Nilimwandikia kwamba mama yake alinilea kidogo na kwamba kuna jambo nadaiwa kulisema. Akajibu nije Jumapili yoyote.

Jumapili niliyochagua, asubuhi, Mama alikuja kwangu bila taarifa. Mlangoni kwangu nina vyungu viwili. Niliagiza mashina ya ti mwezi ule nilipoona tangazo la msiba, yamechipua, na wenye jengo wameshaniandikia barua mbili niyaondoe kwenye korido. Sijayaondoa. Mama alisimama mbele yake vile vile alivyosimama Manassas. Kisha akasema bila kunitazama:

"Lile fundo nililiona."

Nikamwambia najua.

"Hujui. Ulikuwa mtoto. Mimi ni Mchagga, nikaletewa jani lenye fundo, nikaliona, nikalitupa. Wewe ulidanganya. Mimi nilikataa sale."

Akainama, akachuma jani pana kuliko yote, akalipiga fundo kwa vidole vyake vya Machame ambavyo havijasahau. Akauliza yule mama aliacha nani.

Kwenye gari alinipa maelekezo. Niseme kulikuwa na kutoelewana. Niseme lugha ilitusumbua. Nikamwambia nitasema ilivyokuwa, ama nigeuze gari tukale chapati nyumbani.

"Una roho ngumu, wewe mtoto."

"Niliipata wapi?"

Akatazama dirishani mpaka Herndon.

Yule mwanamume ana mvi kwenye ndevu sasa, mpana kama mama yake, na soksi ndani ya kandambili zake. Hatukukaa hata chini. Nilisimama sebuleni kwake nikasema yote: kwamba sikula, kwamba nilisema nimekula, kwamba mama yake aliomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo, na kwamba Mama yangu alivunja chungu chake. Nikaeleza jani na fundo, na kwamba kwetu mtu akiletewa hana ruhusa ya kukataa, lakini yeye si wa kwetu, kwa hiyo akitaka kukataa akatae. Mama amesimama pembeni yangu na hijabu yake ya arusini, jani mikononi.

Yule mwanamume akasema jioni ile alipofika kutoka melini alikuta chakula tele na mama yake hali. Akauliza kuna nini, akaambiwa kale ka mtoto kamemkasirikia. Kwenye sufuria dogo yalikuwa yamebaki mawili yenye uzi mwekundu, naye ana njaa ya safari, akanyoosha mkono. Mama yake akampiga kofi la mkono.

"Aliniambia usiguse hayo," akasema. "Akasema ni ya mjukuu wangu, atarudi. Akayatia kwenye friza. Yalikaa humo mpaka tulipohama Manassas."

Mama hakungoja nimtafsirie. Alinyoosha jani kwa mikono miwili, na yule mwanamume akalipokea kwa mikono miwili.

Idi ijayo naleta laulau ukumbini. Ya kuku yote, uzi mwekundu. Bi Salma nitamwekea la kwanza, kama nilivyokuwa nampa sambusa, na akishaonja nitamwambia limepikwa alivyopika nani.